Naombeni ushauri: albamu ya kwanza ya binti wa miaka 18, niipime vipi bila kumwonea wala kumbeba?

Wakuu, heshima kwenu. Huwa naandika uchambuzi wa muziki, na kazi hii naipenda kwa moyo wote. Safari hii nimekwama. Nimepewa albamu ya kwanza ya mwimbaji wa pop mwenye miaka 18. Nyimbo 13, dakika 41. Nimeisikiliza mara nne, na kila nikiandika aya mbili nafuta.

Sauti anayo, hilo halina ubishi. Lakini nyimbo nyingi zinafanana: kiitikio kinawahi kuingia, mdundo uleule, kuachwa kulekule. Halafu kila wimbo una watunzi watano au sita, kwa hiyo sijui nampima yeye au waliomzunguka. Nikiwa mkali naogopa kumvunja moyo mtoto wa watu. Nikimsifu kwa kumhurumia, nimewadanganya wasomaji. Nishike wapi?

Kipaza
Mkuu, umri usikutishe. Lorde alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2013 akiwa na miaka 16. Billie Eilish alikuwa na 17 mwaka 2019, na sehemu kubwa alirekodi nyumbani, chumbani kwa kaka yake Finneas. Mwaka uliofuata albamu hiyo ikabeba tuzo ya Grammy ya Albamu ya Mwaka. Ukishaandika tu "kwa umri wake amejitahidi", umemdharau. Mwandikie kama unavyomwandikia mtu mzima.

Mama Kinanda
Kipaza, nakubaliana nawe nusu. Rihanna alianza mwaka 2005 akiwa na miaka 17, na aliyesikiliza albamu ile peke yake asingemwona Rihanna wa albamu ya tatu, 2007. Kwa hiyo mwanangu, sema albamu hii ina nini na imekosa nini, kwa ukali wowote unaotaka. Ila usimtabirie. Maneno kama "huyu hafiki mbali" yafute kabisa, maana hapo umeshaiacha albamu unaanza kuyahukumu maisha ya mtu.

Fundi wa Miksi
Mleta uzi, nimekaa studio miaka mingi, naomba nikae kidogo kwenye hili.

Wingi wa watunzi usikubabaishe. Wimbo uliomtoa Britney Spears mwaka 1998 aliuandika Max Martin, na bado ukiusikia unajua ni Britney, kwa jinsi anavyoyavuta maneno. Kwa hiyo swali la nani kaandika liweke pembeni kwanza. Jiulize: huu wimbo akipewa mwingine, kitapotea nini?

Jibu hulipati kwenye kiitikio. Pale sauti yake imerekodiwa mara nyingi ikapangwa juu kwa juu, na waitikiaji wamejazwa. Nenda kwenye beti, hasa beti la pili, maana hapo mara nyingi anabaki peke yake. Vaa hedifoni. Sikiliza anavuta pumzi wapi, anamalizaje neno, noti za chini anazishika au zinamponyoka. Na usimsifu kwa kutokosea noti. Auto-Tune, programu ya kurekebisha noti za mwimbaji, ipo tangu 1997, siku hizi karibu kila sauti ya pop inanyooshwa kidogo.

Kuhusu kiitikio kinachowahi: Spotify, ile programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, ndiyo maana maprodyuza wanakimbilia kumnasa msikilizaji mapema. Mpango huo si wa binti. Lakini kama unakuchosha, andika kwamba unakuchosha. Msomaji anataka kujua ulichosikia.

Sikio la Tatu
Mimi nina moja tu. Nyimbo 13 ni nyingi kwa mtu anayejitambulisha. Ile ya Lorde ilikuwa na 10. Taja zipi ungezitoa, na kwa nini.

Mleta uzi
Wakuu, asanteni sana. Jana usiku nilifanya kama Fundi alivyosema, beti tu, viitikio naviruka.

Wimbo wa tisa ni kinanda na sauti basi. Kwenye beti la pili anafika kwenye jina la mtu anayemwimbia, anavuta pumzi kabla ya kulitaja, na ile pumzi wameiacha, hawakuikata. Halafu jina analitoa chini sana, karibu kuongea. Mara nne zote nilipita hapo bila kusikia! Hapo hakuna mtunzi wa tano wala wa sita, ni yeye.

Baada ya hapo wimbo wa tatu, wa tano na wa kumi na moja nimezisikia vibaya zaidi, kwa sababu sasa najua anaweza nini na hakuruhusiwa kukifanya. Hizo tatu ningezitoa, na nitalisema wazi. Suala la atafika wapi nimelifuta, Mama.

Mama Kinanda
Umeanzaje aya ya kwanza?

Mleta uzi
Nimeanza na ile pumzi.