Mtoto mwaka na nusu, meno ya mbele yameanza kuwa kahawia

mama_faiza (Malindi)
Assalaam aleikum jamani, nina wasiwasi na huyu mwanangu. Meno yake ya juu ya mbele yalianza na vistari vyeupe kama chaki pale karibu na ufizi, sasa yameingia rangi ya kahawia na moja naona limemeguka. Usiku halali bila chupa, mavyaa humtilia chai ya maziwa yenye sukari ama juisi ya pakiti anyonye mpaka usingizi umchukue na chupa iko mdomoni. Nikisema naambiwa hayo meno ya maziwa yataanguka tu. Ni kweli niyaache?

bint_langoni
Usiyaache dadangu. Ya mbele huanguka miaka sita saba, lakini magego ya utotoni hukaa mpaka kumi na kitu, atatafunia nini muda wote huo? Hapa Lamu kuna mtoto wa jirani alikuwa hataki kula kabisa, wali hataki, mkate hataki, watu wakasema jicho la hasidi, kumbe ni jino limeoza linamuuma.

kliniki_meno
Mama Faiza mimi nafanya kazi ya meno, hii naiona sana. Vijidudu vya mdomoni hula sukari vikatoa asidi, asidi ndiyo inalila jino. Mchana mate huosha, akilala mate hupungua sana, kwa hivyo ile chai inabaki pale kwenye meno ya juu masaa na masaa (ya chini mara nyingi husalimika kwa sababu ulimi umeyafunika). Vistari vyeupe vikiwahiwa na floraidi (madini ya kuimarisha meno) vinaweza kutulia, ila likishameguka halirudi lenyewe, mpeleke wiki hii hii tafadhali usingoje uvimbe. Titi endelea nalo, WHO (Shirika la Afya Duniani) inasema miaka miwili na zaidi. Chai na juisi ndio zitoke kwenye chupa.

mama_faiza (Malindi)
Shukran sana. Lakini nikimnyima chupa nyumba nzima hailali, na mavyaa hawezi kumsikia analia.

bint_langoni
Usimkatie ghafla. Punguza sukari leo kidogo kesho kidogo, ikawa maziwa matupu, kisha zidisha maji mpaka yawe maji tu. Mavyaa mweleze kwa upole, nenda naye kliniki asikie mwenyewe kwa daktari. Na mabuyu ya rangi mfiche, yale yananata kwenye meno.

mama_faiza (Malindi)
Na dawa ya meno hii yetu ya watu wazima yamfaa?

kliniki_meno
Yafaa ikiwa ina floraidi, angalia kwenye tyubu iwe 1000 ppm hivi (ndicho kipimo cha floraidi). Weka kiasi cha punje ya mchele tu mpaka afike miaka mitatu, mswaki laini, na umsugue meno wewe mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala. Baada ya hapo ni maji tu mpaka asubuhi.