Brauza ipi ni salama kuliko zote? Naomba ushauri wa haraka

Kisimani: Wakuu habari za muda huu. Naomba kujua brauza ipi ni salama zaidi na kama VPN ya bure inatosha. Nimeshafuta historia yote nataka kuanza upya ila roho haijatulia. Matusi hapana.

MzeeWaKazi: Firefox. Mengine kelele.

Tumbili_Msomi: Yoyote bora uwe unaiapdeti. Brauza haina shida mkuu, shida ni kidole.

Dada_Pili: Mi VPN ya bure ilinitesa, simu ikawa inarusha matangazo ya ajabu hata nimeiweka tu mezani, mume wangu akahisi kuna mambo natazama, ugomvi wake usiombe. VPN inamzuia anayekuuzia bando asione unatembelea saiti gani, ila mwenye VPN ndo anaona badala yake, sasa kama humlipi jiulize anaishije. Tulipatana lakini.

Fundi_Waya: Mkuu Kisimani, mtu hafuti historia yote ghafla halafu anauliza brauza. Kimetokea nini?

Kisimani: Hamna kikubwa. Ilikuja meseji kwamba barua pepe yangu inafungwa nibonyeze linki kuthibitisha, nikaingia kuangalia. Ila kulikuwa na alama ya kufuli pale juu, kwa hiyo saiti ilikuwa salama.

Fundi_Waya: Kufuli maana yake tu mnachoandikiana hapo katikati hakisomeki na mtu wa pembeni, haikwambii unayeongea naye ni nani. Cheti cha kufuli kinapatikana bure tangu Let's Encrypt, shirika linalovitoa, waanze 2015, na tapeli naye anachukua. Chrome wenyewe waliitoa ile alama 2023 kwa sababu watu walikuwa wanaielewa kama wewe. Cha kusoma ni anwani: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la saiti kisha rudi kushoto, ile .com na neno lililogandana nayo ndo mwenye nyumba, ya kushoto zaidi mwenyewe anaandika chochote anachotaka. Ulijaza nini?

Kisimani: Pasiwedi tu.

Fundi_Waya: Na zile namba za uthibitisho zilizokuja kwenye simu?

Tumbili_Msomi: Kimya kimetanda 😂

Kisimani: Nazo. Ziliombwa, we ungefanyaje? Lakini nimeshabadilisha pasiwedi kwa hiyo hilo limeisha, mi nauliza brauza.

Bi_Hekima: Vijana haraka haraka hizi zitawamaliza. Sisi barua ilikuwa inakaa posta mpaka uende kuichukua na hakuna aliyeibiwa.

MzeeWaKazi: Firefox.

Fundi_Waya: Halijaisha. Ingia kwenye usalama wa akaunti, toa vifaa vyote usivyovijua, angalia namba na barua pepe ya kurejesha akaunti kama bado ni zako, na uangalie kama kuna mpangilio umewekwa wa kupeleka nakala za barua zako kwa mtu mwingine. Na kama hiyo pasiwedi umeitumia kwingine, huko kote badilisha.

Kisimani: Kuingia ndo siwezi. Ila kuna mtaalamu kanifuata inboksi, anarudisha akaunti kwa muda mfupi, anataka nusu ya hela kwanza, ana ushuhuda wa watu kibao. Najua mtasema tapeli, ila tapeli asingenionyesha skrinshoti zote zile. Msinikatishe tamaa.

Jicho_la_Tatu: Wasimamizi fungeni huu uzi, hii chai. Mara "nimeshabadilisha pasiwedi", mara "siwezi kuingia". Na mtu wa kurudisha akaunti katokea wapi kama si wewe mwenyewe unatafuta wateja?

Kisimani: Chai gani ndugu. Nilibadilisha kweli, asubuhi nikakuta imebadilishwa tena. Nikupe skrinshoti?

Fundi_Waya: Hiyo inawezekana kabisa. Akiwa bado yumo ndani na ameshaweka namba yake ya kurejesha, wewe unabadilisha na yeye anabadilisha. Tumia ukurasa rasmi wa kurejesha akaunti, ukiwa kwenye kifaa na sehemu uliyozoea kuingilia. Huyo mtaalamu hana mlango mwingine zaidi ya huo.

Dada_Pili: Hao wa inboksi wanavizia watu walioibiwa. Shemeji yangu aliliwa mara mbili, na ya pili ilimuuma zaidi.

Jicho_la_Tatu: Mi bado siamini. Subirini, sasa hivi atakuja mtu na ushuhuda.

Akaunti_Yarudi: Habari zenu, mi mgeni humu. Niliamka nikakuta akaunti imechukuliwa, nikalia sana, mtaalamu mmoja muungwana akanirudishia ndani ya saa moja. Mwenye shida aje inboksi.

Tumbili_Msomi: 😂😂😂😂

Jicho_la_Tatu: Nilisema.

Kisimani: Ngojeni. "Nikalia sana, mtaalamu mmoja muungwana", haya maneno ndo yaliyopo kwenye ushuhuda alionitumia mimi, neno kwa neno.

Fundi_Waya: Umeshamlipa?

Kisimani: Sio yote.