Chumba ni 10 kwa 9 na waifu anataka kitanda cha futi 6 by 6, kitaingia kweli?

mpangaji_flo_ya_nne
Niaje wasee, naomba msaada kabla sijatupa pesa. Tumehama mwezi huu kutoka singo rum ya Pipeline tukaingia wan bedrum huku Kasarani, zote Nairobi, na kitu ya kwanza tumekosania ni kitanda. Pipeline tulikuwa tunalala watatu kwa 4 by 6, mimi, mama mtoto na mtoi wa mwaka mmoja na nusu, na huyo mtoi akishalala anazunguka kama mshale wa saa, asubuhi unaamka visigino viko kwa shingo. Sasa waifu ameapa hiyo 4 by 6 haivuki mlango wa nyumba mpya. Anataka 6 by 6, ameshaiona Ngong Road, hedbodi ya kitambaa yenye vifungo, ameshaipiga picha na kumtumia dada yake, kwa hivyo mnajua kesi imefika wapi.

Mimi nikiangalia hicho chumba naona 5 by 6 ndio mwisho. Nimepima na tepu, ni futi 10 kwa 9, lakini kabati la ukutani limekula futi 2 kwa ile 10, so nimebaki na 8 kwa 9. Milango ya kabati kila mmoja ni inchi 18. Mlango wa chumba ni inchi 33, unafungukia ndani, uko kona ile ya kabati na ukifunguka unalalia kabati. Dirisha liko upande ule mwingine. Kuna mtu ameishi na 6 by 6 kwa nafasi kama hiyo? mnapitia wapi?

mama_wawili_umo
Siwezi kukudanganya, 6 by 6 ni tamu. Unageuka vile unataka, mtoto akilala katikati hakuna mtu analala kwa ukingo. Lakini mimi niliweka moja kwa chumba kama chako na nikaiuza kabla mwaka haujaisha. Kabati lilikuwa linafunguka nusu tu, naingiza mkono hapo ndani napapasa, navuta nguo bila kuona, kuna siku nimefika kazini na sweta ya mtoto kwa begi nikidhani ni yangu 😂. Kufagia chini ya kitanda ilikuwa mpaka nilale tumbo. Kutandika nako, kwa sababu tuliisukuma ikagusa ukuta, unapanda na magoti unafika ile kona ya mbali unachomeka shuka, ukirudi umeshaivuruga yote na hayo magoti.

Na kitu ingine hakuna mtu aliniambia, usigusanishe godoro na ukuta wa nje. July ilipofika na ile baridi, ukuta wa dirisha ukawa unatoka jasho, siku nimevuta kitanda nipate chaji ya simu imeanguka, nikapata koga nyeusi kwa godoro kutoka juu mpaka chini. Nilidhani ni uchafu, nikasugua, wapi.

Lakini baba, muulize mama vizuri anataka nini. Inaweza kuwa si futi 6 anataka, anataka tu mtoto atoke katikati.

fundi_randa
Mkubwa mimi nachonga vitanda, wacha nikupigie hesabu. Ile 6 by 6 ni saizi ya godoro, si ya kitanda. Mfumbati, ile mbao ya ubavuni, unaongeza kama inchi 2 kila upande, na hedbodi pamoja na futibodi, yaani ubao wa miguuni, ziongeze inchi 7 hivi kwa urefu, kwa hivyo 6 by 6 ukiipima nje ni futi 6 na inchi 4 kwa futi 6 na inchi 7. Na hiyo ni hedbodi ya mbao. Ya kitambaa ina sponji, hiyo inakula nafasi zaidi, ipime ukiwa hapo hapo kwa fundi.

Tuseme kichwa umekiweka ukuta unaotazama mlango. Kutoka dirisha mpaka kabati uko na futi 8, toa 6 na inchi 4, umebaki na inchi 20 peke yake. Ukiweka kitanda katikati ni inchi 10 kila upande, hapo mtu anapita kama kaa, kabati la 18 halifunguki na mlango utagonga kona ya kitanda kabla haujafika mwisho. Ukikisukuma kwa dirisha kabati litafunguka, lakini wa upande wa dirisha kila usiku akienda choo anamruka mwenzake, na ile koga mama wawili amesema inakungoja.

Sasa chukua 5 by 6. Nje ni futi 5 na inchi 4, umebaki na inchi 32. Achia dirisha 12, achia kabati 20, milango ya kabati inafunguka yote, na mlango wa chumba unapita kona ya kitanda kwa inchi kama 2. Miguuni kunabaki futi 2 na inchi 5. Si kubwa lakini mtu anaishi.

Ukishikilia 6 by 6 basi mwambie fundi wako aweke tendegu la tano, yaani mguu wa tano, hapo katikati, chini ya ule mbao unaobeba chaga, zile mbao za kulalia godoro. Watu wanaruka hiyo ndio wapunguze bei, na baada ya miezi kitanda kinazama mnajikuta mnalala mmekutana katikati hata kama mmenuniana. Na hakikisha ni ya kufungua na bolti. Nimeshawahi kufikisha kitanda kimegundishwa chote na gluu, ngazi ikakikataa kwa kona ya flo ya pili, tukarudi nacho kwa karakana na mkokoteni, na mwenye kitanda anatuangalia hivi.

jamaa_mrefu
Niongeze kwa ya fundi. ANZA NA GODORO alafu ndio kitanda. Haya magodoro ya duka kuna ya urefu wa inchi 72 na kuna ya 75, na zote wanakuuzia wakiita 5 by 6. Mimi nilichongewa kitanda cha 72, nikanunua godoro ya 75, zile inchi 3 zikapanda juu ya futibodi nikawa nalala kama niko kwa mtumbwi. Niko futi 6 na inchi 2, yaani inchi 74, kwa hivyo hata 72 yenyewe haikuwa yangu. Saa hii nina kitanda bila futibodi kabisa, miguu inatoka nje ikitaka. Na chumba kidogo kikikosa futibodi unapata nafasi kidogo ya bure.

nyama_choma_jumapili
mimi nilikuwa mjanja nikasema sinunui 6 by 6, nikaunganisha godoro 3 by 6 mbili za high density (sponji ngumu) za wakati nilikuwa chuo. 3 na 3 si ni 6? hesabu iko sawa. shida ni ule ufa. mwanzoni tuliziba na blanketi, usiku wa tatu mtoto akaingia humo ndani akanaswa, analia hatumuoni, tunapapasa juu ya kitanda kumbe yuko chini ya usawa wetu. waifu hakunisemesha mpaka jioni

alafu kama utanunua shuka za mitumba usiamini kale kalebo kameandikwa kingi, yaani king, saizi ya kitanda kikubwa. kingi ya Uingereza ina upana wa futi 5 tu, ya Marekani inafika inchi 76, hiyo imepita hata 6 by 6 yetu. kwini ya Marekani ndio 60 kwa 80. beba tepu mfukoni, pima shuka hapo hapo soko la Gikomba, wauzaji wamezoea

mama_wawili_umo
@nyama_choma nimecheka mpaka chai imemwagika. Na stendi ya neti pia inauzwa kwa saizi ya kitanda, usinunue mapema.

mpangaji_flo_ya_nne
Asanteni sana wakuu. Nimerudi na majibu. Jana nilitoa magazeti ya zamani nikayapanga chini kwa sakafu nikayabandika na selotepu, futi 6 na inchi 4 kwa 6 na inchi 7, bila kusema neno. Waifu akaingia na beseni ya nguo akitaka kuziweka kwa kabati. Akasimama hapo. Akafungua mlango wa kabati, ukapita juu ya gazeti. Akaniangalia, akaangalia gazeti, akaniuliza "na mimi nitasimama wapi?" Sikujibu, nilijua nikijibu naharibu.

Baadaye ndio nikamuuliza ile swali ya mama wawili. Kumbe ni kweli, shida yake ni kulala na mgongo umetoka nje ya godoro miaka miwili. Nikamwonyesha kwa 4 by 6 kila mtu mzima ana futi 2, na hapo hatujamhesabu mtoi, kwa 5 by 6 kila mtu ana 2 na nusu, na mtoi tukimtoa hiyo ni yetu wawili. Tumekubaliana 5 by 6 na mtoi apewe kitanda chake kidogo, tuanze kumzoesha kwa sitting rum, mlango wazi.

Imebaki moja. Fundi, hedbodi ya kitambaa amekataa kuiacha, hiyo sijashinda. Ukipunguza sponji na uondoe futibodi kama ya huyu jamaa mrefu, urefu wa nje unaweza kubaki hapo kwa futi 6 na inchi 7 nikitumia godoro ya 75?

fundi_randa
Utabaki hapo. Inchi 75 ni futi 6 na inchi 3, hedbodi nikiibana iwe inchi 4 pamoja na sponji umefika 6 na 7. Lakini niletee godoro kwanza, ya maneno sichongi.