Tupeane uzoefu: ushuru wa paking kwa simu hapa Mwanza

Mtu wa Mabatini
Wakuu, habari za jioni. Juzi kuna jamaa alikuwa anauza IST mitaa ya Nyakato. Bei imeshafikiwa, chai imeagizwa, mnunuzi akatoa simu, akapiga *152*00#, ile menyu ya huduma za serikali, akaingiza namba za gari. Deni la paking likajileta lenyewe. Muuzaji anaapa kwa mama yake kwamba mjini hashuki na gari, anashuka na daladala. Biashara ikalala.

Enzi za karatasi mtoza ushuru alikusubiri, mkabishana, mkamalizana palepale. Siku hizi anaingiza namba za gari kwenye mashine yake, anasogea gari linalofuata, na deni linabaki kwenye zile namba. Nani alikuwa kwenye usukani siku hiyo, mfumo hauna habari naye. Wenye magari, madereva wa mabosi na wa kukodi, tupeane uzoefu: mnalipaje, na yapi yamewakuta? Kiwango cha ushuru tukiache, ule ni ugomvi mwingine.

Kirikuu Mlango Mmoja
Mkuu, umenigusa. Nabeba mizigo, na Rwagasore nashusha karibu kila siku. Nilikuwa naacha madeni yajikusanye mpaka mwisho wa mwezi, kisha bosi anayaona kabla yangu. Kumbe kuna siku nilimwambia gari liko gereji, na siku hiyohiyo lilionekana limepaki Barabara ya Kenyatta! Hapo hakuna maelezo yanayoeleweka.

Sasa hivi kila jioni kabla ya kupeleka hesabu naangalia deni, nalipa, ule ujumbe wa malipo namtumia bosi kwa WhatsApp. Anaukata kwenye hesabu, tunalala salama. Gereji nayo nikienda, naenda kweli.

Mama Wawili
Mimi nililetewa deni la mtaa nisioujua. Gari lilikuwa nyumbani Kiseke, betri imekufa. Kuchunguza, kuna gari jingine namba zake zinafanana na zangu, tofauti ni tarakimu moja: yeye 8, mimi 3. Kwa bahati nikaja kulikuta Makoroboi. Pleti ya nyuma imekwaruzwa upande wa kushoto, rangi imetoka, ile 8 ukiisoma kwa mbali ni 3 kabisa, na vumbi juu yake. Nikaipiga picha.

Nikaenda ofisini na kadi ya gari na hizo picha. Walinizungusha kidogo (njoo kesho, mhusika hayupo), lakini deni lilitolewa. Ningekwenda kwa mdomo mtupu ningelipa.

Sengerema Moja kwa Moja
Sisi wa ng'ambo, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, hatupangi tena foleni ya kivuko, kwa hiyo Mwanza tunakuja asubuhi na jioni tumerudi. Tatizo likawa watu wa kutuona wageni. Kijana mmoja pale mjini, ana kizibao na kalamu sikioni, ananiambia, "Mzee, mtandao unasumbua, nitumie kwenye namba yangu hii nitakulipia." Nikamwambia mwanangu, serikali haina laini ya simu ya mtu. Kontroo namba, ile namba ya kulipia inayotolewa na mfumo, ina tarakimu 12 na inaanza na 99, unaiingiza kwenye malipo ya serikali humohumo kwenye menyu ya mtandao wako. Ikianza na 07 au 06, unamlisha mtu.

Akaondoka bila kuaga.

Zamani Nilikuwa na Mashine
Nimefanya hiyo kazi, niwasemee wenzangu kidogo. Juani kutwa, na mwenye gari akikuona tu anatoka dukani na kitambaa anafunika pleti kama anaifuta. Wengine ndala. Ukimkuta mtoza bado yupo, mwombe akusomee namba alizoingiza. Ni sekunde chache, na makosa kama ya dada hapo juu yanakufa palepale. Wengi wetu hatukatai, ila mkija na matusi tunasogea zetu.

Mtu wa Mabatini
Hiyo ya kusomewa namba sikuijua, asante. Na wale mnaochanganya: faini za trafiki zinaangaliwa kivyake, kwenye mfumo wa polisi. Paking ikiwa safi haina maana gari ni safi. Anayenunua aangalie kote kabla hajatoa hela.

Pasiansi Mzee
Simu yangu ni ya tochi. *152*00# inakubali, haitaki bando. Kontroo namba ikitoka naipeleka kwa wakala chini ya mwembe, nampa noti, ananiandikia kwenye kipande cha boksi. Vijana mnahangaika bure.

Miguu Miwili
Mimi naacha gari kwa ndugu yangu Mabatini natembea. Mguu hauna kontroo namba.

Mtu wa Mabatini
Miguu Miwili, jana nimekuona kwenye bajaji.

Swali la mwisho: gari la kuazimisha mnafanyaje?

Buzuruga Stendi
Shemeji yangu alikuwa anaazima Noah kila kukiwa na shughuli. Anarudisha limeoshwa, mkeka unanukia, mafuta yapo, unashindwa kumnyima. Safari moja alivyonipa funguo nikampigia *152*00# mbele yake, nikageuza kioo cha simu aone. Alilipa bila neno, na hela ya kutolea akaongeza. Harusi iliyofuata kakodi.