Majirani Block C: ovataimu ya mlinzi

Mama Salma: Jamani, kijana wa geti la ghala analinda saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku 6 kwa wiki. Mshahara wa msingi 390,000, hapewi zaidi. Ana haki ya kudai?

Kaka Juma: Tena sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania inasema saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku. Yeye anakesha 72. Zinazozidi ni 27.

Da Rehema: Na wasimkate saa ya kula. Kama haruhusiwi kuacha geti, hiyo inalipwa.

Kaka Juma: Hesabu: saa 45 × wiki 4.333 za mwezi = 195, ndizo saa za mwezi. 390,000 ÷ 195 = 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, 3,000. Mara 27, ni 81,000 kwa wiki. Wengi hugawa kwa 30 halafu kwa 12, wanajipunja wenyewe.

Mama Salma: 81,000 kila wiki!!

Da Rehema: Bado posho ya usiku. Saa 2 usiku hadi 12 asubuhi kila saa inaongezwa asilimia 5: shilingi 100, au 150 ikiwa ni ya ovataimu. Akiitwa siku ya mapumziko au sikukuu, mara mbili.

Mzee Athumani: Tena kikomo cha ovataimu ni saa 50 kwa wiki 4. Huyu anafanya 108!

Mama Salma: Mkataba wa maandishi hana.

Da Rehema: Asiogope. Kifungu cha 15(6) cha sheria hiyo: mwajiri asipoleta mkataba, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Kijana apige picha daftari la lindo, kurasa zote, leo. Na miamala ya mshahara kwenye simu.

Mzee Athumani: Kinachoua madai ni muda. Dai lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Akifukuzwa, kupinga ni siku 30. "Njoo mwisho wa mwezi" haisimamishi siku. Akichelewa, ajaze fomu CMA F2 na kueleza kilichomchelewesha.

Kaka Juma: Madai yenyewe ni fomu CMA F1, bure. Nakala iende kwanza kwa mwajiri, asaini kupokea, ndipo isajiliwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akigoma kupokea, itumwe kwa rejesta, risiti itunzwe.

Mama Salma: Wanataka asaini karatasi jioni hii, wampe laki moja. Imeandikwa "nimelipwa stahiki zangu zote".

Da Rehema: Hiyo asisaini kabisa, Mama Salma! Laki aipokee kwa maandishi ya "malipo ya sehemu" na tarehe. Apige picha hiyo karatasi, aitume hapa tuisome.