Naomba ushauri: nimchongeje Roho Mtakatifu bila kumchonga njiwa?

Fundi_wa_Mwenge

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Mwenge, Dar es Salaam, na kazi niliyoizoea ni vinyago vya ujamaa, yaani watu wengi waliopandana katika gogo moja, vinavyonunuliwa na watalii. Hivi karibuni paroko mmoja ameniagiza sanamu ya Roho Mtakatifu, ya kimo cha futi tatu hivi, itakayosimama kando ya kisima cha ubatizo. Sharti lake ni kwamba hataki njiwa, kwa kuwa waumini wamemzoea mno hata wanamwona ndege tu. Gogo ninalo: limejipinda, lina uwazi wa asili unaopanda kutoka chini hadi karibu na kilele, na upande mmoja weupe wake wa nje bado ni mzima. Tatizo ni kwamba kila ninapochora naishia ama kwenye mtu mwenye mabawa, ambaye ni malaika, ama kwenye kitu ambacho mteja wangu wa kila siku angekiita shetani, yaani kinyago cha pepo, na kukilipia papo hapo. Kitu kisicho na mwili kinapewa umbo gani, ili anayeingia kanisani akitambue bila kusomewa maelezo?

Katekista_Mstaafu

Fundi, mtu mwenye mabawa mwache kabisa, na si kwa sababu ya ladha tu. Mwaka 1745 Papa Benedikto XIV alimwandikia askofu wa Augsburg, Ujerumani, akakataza Roho Mtakatifu asionyeshwe kwa sura ya kijana, akaelekeza kwamba tubaki na zile alama ambazo Maandiko yenyewe yametupa. Hata hivyo Maandiko hayakutupa njiwa peke yake. Katika Matendo ya Mitume sura ya 2 unatangulia uvumi wa upepo wa nguvu, ndipo zinapofuata ndimi za moto. Na katika Yohana sura ya 3 Bwana anamfananishia Nikodemo jambo hilo na upepo, unaosikika ingawa hakuna ajuaye unakotoka wala unakokwenda. Sasa upepo haujapata kuonekana na mtu yeyote. Tunachokiona ni mnazi ulioinama. Usihangaike kumchonga Roho, bali chonga kile kinachoupata mti Roho anapopita. Na ukiamua kuweka ndimi za moto, ziwe saba, kwa ajili ya mapaji saba ya Roho Mtakatifu. Mtoto yeyote wa kipaimara atazihesabu.

Mwana_Newala

Naungana na Katekista, lakini nisingependa shetani adharauliwe hapa, kwa sababu swali lako limeshawahi kujibiwa na Wamakonde. Mwanzilishi wa mtindo wa shetani anayetajwa ni Samaki Likankoa, mchongaji kutoka Msumbiji ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akipeleka kazi zake Dar es Salaam kwa mfanyabiashara Mohamed Peera. Kiumbe asiyeonekana, wachongaji wa mtindo huo walimtambulisha kwa kuuvuruga mpangilio wa mwili: jicho moja, sikio lililohama mahali pake, mkono unaotokea kusikostahili mkono. Mtazamaji hahitaji kuambiwa kwamba huyu si mtu wa kawaida. Ukiichukua sura ile, waumini wako watakimbia. Chukua mbinu, kisha utazame pia mtindo wa mawingu, ambao umeacha viungo karibu vyote ukabaki na mipindo na matundu. Gogo lako lina tundu tayari, nawe unataka kulikata ili upate mti mzima? Lifuate hilo tundu. Weupe nao uuache kwenye kingo za juu, uwe miali inayotoka katika weusi.

Patasi_Butu

Weupe wa mpingo ni mtamu kwa bungua, mzee wangu, na kanisa halitafurahi kukuta unga chini ya sanamu baada ya miaka michache. Ukiuacha, utibu kwa dawa ya wadudu kabla ya kupiga msasa. Kingine ni kisima chenyewe, kwani mahali penye unyevunyevu unaokuja na kuondoka mpingo hupasuka. Ziba ncha za gogo kwa nta tangu leo, na usiliache juani wala penye upepo wakati wewe unapumzika.

Bi_Mkubwa_Unguja

Mimi ni Mwislamu, na kwetu swali hili lilifungwa mapema, maana Mungu hapewi umbo. Lakini katika msikiti wa Kizimkazi, kwenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 1107 yaliyochongwa katika matumbawe, hata asiyeweza kusoma herufi moja hunyamaza akifika mbele yake. Nadhani siri ni mwendo wa mstari, kwa sababu jicho likishaushika halipati pa kutua. Kwa hiyo mkunjo wako mkuu usikatike njiani, uanze sakafuni na upande mpaka juu.

Mwanakwaya

Sikubaliani nanyi. Mama yangu akifika pale na kukuta gogo lenye tundu, atauliza sanamu iko wapi. Njiwa ana kazi yake, hasa kwenye ubatizo, kwa kuwa ndiye aliyeonekana Yordani.

Fundi_wa_Mwenge

Asanteni sana. Hoja ya Mwanakwaya ni nzito, na ndiyo maana ndimi saba nitazikata zionekane wazi juu ya kingo, zisipotelee ndani ya mpindo. Weupe nitauacha kwenye ndimi tu. Kwingine kote nitaukwangua kwa tezo. Nitaanza na mfano mdogo wa udongo nimpelekee paroko kabla sijaligusa gogo, maana mpingo ukishakatwa haurudi.

Mwana_Newala

Kabla ya udongo, nenda kanisani asubuhi wakati wa misa uangalie dirisha liko upande gani wa kisima. Tundu lisilo na mwanga nyuma yake litaonekana kama kovu la mti, hata ulichonge vipi.

Fundi_wa_Mwenge

Dirisha liko nyuma ya kisima, upande wa mashariki. Jumapili nakwenda na futi kamba.