Mama anameza diklofenaki kila siku, presha haishuki. Nifanyeje?

Mtoto wa Bi Mkubwa: Wakubwa shikamooni. Bi mkubwa ana miaka 63, magoti yanamtesa. Juzi nimekuta chini ya mto wake bahasha tatu za kaki za duka la dawa, zimeandikwa kwa peni "1x3", jina la dawa hakuna. Muuzaji anasema ni diklofenaki ya miligramu 50. Kumbe ni mwezi wa nne huu anameza, tena kabla hata ya chai! Ana presha pia, anatumia losatani na kile kidonge cha kukojoza, lakini kipimo kinasoma 160 na ushee. Kiungulia kila siku, jioni miguu imevimba. Nafikiria akachomwe sindano ya maumivu ili tumbo lipumzike.

Mzee wa Kaunta: Marahaba. Sindano achana nayo. Dawa hizi, brufen na aspirini zikiwemo, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Hizo ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe, na hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kuzisaidia figo kupata damu. Ipite mdomoni au takoni, ikishafika kwenye damu kazi yake ni ileile. Tena inaufanya mwili ushike chumvi na maji, miguu ikavimba na presha ikagoma. Ukichanganya na losatani na ya kukojoza, figo zinabanwa pande tatu. Asimeze tena, akapimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) haraka. Za presha asiache bila daktari.

Nyamaume: Mkuu, choo chake kikoje? Baba yangu mdogo alikuwa anapata cheusi kama lami, kinanata, sisi tunasingizia mboga. Kumbe damu inavuja tumboni. Ukiona hivyo usingoje kukuche.

Mtoto wa Bi Mkubwa: Mimi nimeona aibu, dada ndiye kamuuliza. Cha kawaida. Alfajiri tunaenda hospitali, bahasha nabeba. Usiku huu maumivu je?

Mzee wa Kaunta: Parasetamoli, kama ini halina shida. Haimo kwenye kundi hilo. Viwili vya miligramu 500, arudie baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Kuna na jeli ya diklofenaki ya kupaka gotini, inayoingia kwenye damu ni kidogo, ila muulizeni daktari kwanza.

Mtoto wa Bi Mkubwa: Asante mzee wangu. Nimemweleza, kaitikia vizuri, halafu kaniuliza hivi 11 vilivyobaki nani atamrudishia hela yake.